Utulivu wa Kuazima

Kemilembe Rutashobya alikuwa ameruka kutoka kwenye kila kitu kinachopaa na vingine visivyopaa. Aliruka kutoka kwenye ndege, helikopta, puto na kingo za majabali. Siku moja aliruka kwenye uzinduzi wa kiwanda cha bia akiwa amevalishwa chupa kubwa ya karatasi ngumu. Upepo ukaichana yote njiani, akatua mbele ya mgeni rasmi akiwa amebaki na kizibo tu kichwani. Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Naye aliinama akayapokea makofi yao, kwa sababu katika kazi ile, ukishatua mzima, basi ilikuwa imepangwa.

Swali moja lilimfuata miaka yote: "Mama, huogopi?" Walimuuliza waandishi wa habari, walimuuliza mawifi, alimuuliza hata padri aliyembatizia mwanawe. Mwanzoni aliwajibu kwa majigambo. Baadaye alichoka, akawa anawaambia ukweli: anayeiogopa hatari ni yule anayeitazama kutoka chini. Ukishaingia ndani yake unakuwa na kazi nyingi za kufanya, na mtu mwenye kazi hana nafasi ya kutetemeka. Kuhusu ule msisimko ambao vijana waliuzungumzia macho yakiwatoka, alikuwa na lake. Yeye kasi haikumshughulisha. Alichokifuata kule juu ni zile dakika chache ambazo hakuna mtu yeyote duniani anayekutaka jambo. Simu hailii, mboga haiungui, mtoto hakuulizi sare yake iko wapi. "Wenzangu huenda ufukweni kupumzika," alikuwa akisema. "Mimi napumzika nikianguka."

Na walipomwambia kwamba anachezea maisha, jibu lake lilikuwa lilelile: maisha ni yangu, mifupa ni yangu, nikivunjika navunjika mimi. Aliliamini jibu hilo kwa moyo wake wote.

Leo hakuwa juu. Alikuwa ameketi chini ya turubai, kwenye uwanda mweupe wa chumvi ulioachwa na Ziwa Eyasi lilipokauka, nyonga yake ya bandia ikimsumbua na macho yake yakiwa kwenye skrini. Aliyekuwa juu ni Asimwe, binti yake wa pekee, ambaye utotoni alikuwa akitapika kwa kumwona tu mama yake akipanda ndege.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Kukoje huko?"

"Mbingu imekuwa nyeusi na bado ni asubuhi. Mawingu yote yako chini ya miguu yetu. Mama, siogopi! Yaani hata kidogo!"

Asimwe alicheka, na kicheko chake kikaja kwenye redio kikiwa safi, kama cha mtu aliye chumba cha pili. Muganyizi, baba yake, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe na kikombe cha chai ambacho alikuwa hajakigusa.

"Mwambie aache kuringa, aangalie mikanda yake," alisema.

"Baba Asimwe, ameshaiangalia mara tatu."

"Aiangalie tena. Kutapungua nini?"

Nyuma ya sikio la Asimwe, chini ya kofia ngumu, kulikuwa na kipande laini kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Watu walikiita tulizo. Kampuni iliyokitengeneza ilikuwa imegundua namna ya kuichukua hali ya moyo wa mtu mmoja na kumvisha mwingine, mradi huyo wa kwanza amekubali. Ulitaka usingizi wa mtoto aliyeshiba, ulikuwepo. Ulitaka raha ya fundi anayemkabidhi mwenye nyumba funguo, ilikuwepo. Lakini katika yote hayo hakuna kilichopendwa kama utulivu wa Kemilembe. Wanafunzi waliuvaa wakienda kwenye mtihani, wachumba wakienda kwa wakwe. Halafu wakaja watu wa kazi nzito: wapasuaji, wazamiaji, mafundi wa nyaya za umeme mkubwa. Walisema ukiuvaa, mikono inatulia kama imewekwa juu ya meza.

Asimwe ndiye aliyekuwa wa mwisho kuuomba. Alifika nyumbani jioni moja, msichana mtu mzima mwenye kazi yake ya kupima ardhi, akakaa jikoni akichambua mchele ambao haukuwa na mchanga. "Mama," akasema, "maisha yangu yote nimekuwa nikikusubiri chini. Nataka mara moja tu nijue ulikuwa unaenda wapi." Mama gani angekataa? Kemilembe alilia kwa furaha, akamkubalia, na hata sasa chini ya turubai lile alikuwa bado anaona hajawahi kumpa mtoto huyo zawadi nyingine ya maana.

*

Kizazi chao cha warukaji kilikuwa na desturi yake, na ni lazima ielezwe hapa.

Waliruka wawili wawili. Mmoja aliitwa bi harusi, mwingine kungwi, hata wakiwa wote ni wanaume wenye ndevu, na utani wake haukuisha. Bi harusi ndiye mwenye maonyesho: ndiye anayebeba bendera, anayepiga picha, anayegeuka chali na kuwapungia watu mkono. Yeye hatazami kipimo cha kimo. Hatakiwi kukitazama, maana macho yakienda huko, maonyesho yanaharibika. Kungwi ndiye anayekaa nyuma ya bega lake la kulia, anasoma kimo kwa niaba ya wote wawili, na wakati ukifika anampiga bi harusi kofi la begani. Ukipigwa kofi, unafungua mwavuli. Hakuna mjadala. Bi harusi aliyefungua kabla ya kofi alikuwa amemtukana kungwi wake, na jioni angewanunulia wote nyama choma.

Kemilembe na Muganyizi waliruka hivyo tangu kabla hawajaoana. Siku kampuni ilipokuja kuuchukua utulivu wake, walimjaza nyaya kifuani na kichwani hata akashindwa kukunja mikono vizuri, ikawa wazi kwamba yeye ndiye atakuwa bi harusi. Muganyizi akapanda naye kama kawaida. Waliruka, akaanguka huku akitazama vilele vya milima na moyo wake ukiwa umelala. Kofi likaja, akafungua. Wataalamu waliokuwa chini walishangilia walipouona mstari wa moyo wake. Haukuwa na hata kijiwimbi. Wakamuuliza amefanyaje, naye akawajibu kwamba ni mazoea.

Hawakuuliza zaidi, naye hakueleza zaidi. Angeeleza nini? Walikuwa wameizoea desturi ile kiasi kwamba hakuna aliyeiona. Ni kama mtu akuulize ulivyopika wali, nawe usikumbuke kumwambia kwamba sufuria ilikuwa juu ya moto.

*

Waliokuwa juu, kwenye kichumba kilichoning'inia chini ya puto, walikuwa watatu. Mbali na Asimwe kulikuwa na Nyanzala, mwalimu wa hesabu kutoka Bariadi, na Lazaro, dereva wa malori mwenye tumbo na mcheshi kupita kiasi. Wote walikuwa wamekwisharuka mara kadhaa wakiwa na tulizo la Kemilembe. Tofauti ya leo ilikuwa moja. Miruko yote ya nyuma walifungwa mgongoni kifaa kinachofungua mwavuli chenyewe kikifika kimo fulani. Leo hakikuwepo. Watazamaji walikwisha kuchoka kuona watu wakianguka kwa usalama, na waandaaji wa mashindano wakaja na jina zuri: Mruko wa Mikono Mitupu. Kwa kimo kile, mtu angeanguka dakika nne na ushei, kisha afungue kwa mkono wake mwenyewe kama walivyofanya mababu wa mchezo.

Injinia Sekela, aliyetumwa na kampuni kulisimamia tulizo, alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye tabia ya kuzungumza akitazama vidole vyake.

"Milango imefunguliwa," alisema.

Wakaruka. Kwenye skrini walionekana kama mbegu tatu juu ya kitu cheusi, kisha kamera ya kifuani kwa Lazaro ikawaonyesha karibu: Asimwe na Nyanzala wameshikana mikono, na yeye pia wamemshika, duara la watu watatu likianguka bila mtikisiko. Kemilembe alijikuta amesimama. Mkao wa mgongo wa Asimwe ulikuwa wa kwake, mabega yalikuwa ya kwake, hata kidevu alikuwa amekiinua kama yeye.

"Mama," sauti ikaja, polepole. "Sasa nimeelewa. Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Kukuambia nini, mwanangu?"

"Kwamba huwa hauko peke yako. Kuna mtu. Yuko hapa nyuma, upande wa kulia. Simwoni lakini najua yupo. Jamani, mama, ni raha iliyoje kuangaliwa hivi!"

Nyanzala akadakia, "Hata mimi yupo. Hapa begani."

"Na mimi," akasema Lazaro. "Nilidhani ni wangu tu."

Wakacheka wote watatu.

Kikombe kilidondoka nyuma ya kiti. Kemilembe aligeuka akamwona mumewe, chai ikimtiririka kwenye suruali, mkono wake wa kushoto ukiwa juu hewani, umefunguka, kama unaotafuta bega.

"Mama Asimwe," alisema. "Huyo ni mimi."

Kemilembe alielewa kabla mumewe hajamaliza. Walichokichukua siku ile hakikuwa ujasiri wake, wala mazoea. Walichukua moyo wa bi harusi. Moyo ule ulitulia kwa sababu moja tu, kwamba kulikuwa na mwenye kusoma kimo, na ulikuwa umefundishwa kwa miaka mingi kutofungua kitu chochote mpaka kofi lije.

"Sekela!" aliita. "Ile miruko yao ya nyuma. Ni nani aliyefungua mwavuli kwa mkono wake?"

Sekela aliinua macho kutoka kwenye vidole. "Hakuna, mama. Kifaa ndicho kilichokuwa kikifungua. Tulidhani wamekolewa na raha, wanakiachia kifaa."

"Mwaka mzima?"

Sekela aliyarudisha macho kwenye vidole vyake.

*

Muganyizi alinyakua kinasa sauti. "Asimwe! Ni baba. Sikiliza vizuri. Sasa hivi peleka mkono kwenye kishikio, ufungue."

"Bado tuko juu sana, baba," alisema Asimwe kwa adabu. Na kweli walikuwa bado juu. "Tulia. Wakati ukifika ataniambia."

"Nani atakuambia?"

"Huyu."

"Huyo ni mimi! Mimi ndiye kungwi wako, na nakuambia fungua!"

"Baba, wewe uko chini. Sauti yako inatoka chini. Huyu yuko hapa."

Muganyizi alikiweka kinasa sauti mezani taratibu, kama kitu cha moto. Mzee huyu aliyekuwa amemsomea mkewe kimo kwa maisha yao yote, akawa anaziangalia tarakimu zikishuka kwenye skrini, anazijua zote zina maana gani, na mkono wake haufiki. Machozi yalimtoka bila yeye kujishughulisha nayo.

Kemilembe akachukua zamu yake. Hakujaribu kuamuru. Alimwambia ukweli: tulizo lina kasoro, hakuna mtu begani, hakuna kofi litakalokuja, asipofungua atakufa. Alilisema neno hilo lote. Alisikia sauti yake mwenyewe ikipasuka.

"Usilie, mama," alisema Asimwe. Kulikuwa na huruma nyingi katika sauti yake, huruma ya mtu aliyeshiba anayemtazama mwenye njaa. "Mbona unalia? Huku ni kuzuri. Si wewe ulisema hatari inaogopwa na wanaoitazama kutoka chini?"

Aliyasema hayo kwa utulivu wa Kemilembe mwenyewe. Ilikuwa kama kubishana na kioo. Kila neno alilotafuta la kumtisha mwanawe, alijua halitashika, kwa sababu yeye mwenyewe katika hali ile lisingemshika. Alijua jinsi ulimwengu unavyokuwa mbali ukiwa bi harusi. Mtu angeweza kukutajia jina la marehemu mama yako ukamwitikia na kutabasamu.

Kwenye skrini wale watatu walikuwa wametazamana. Kila mmoja aliwaangalia wenzake kwa upendo, na kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aangalie kimo.

"Lizime," Muganyizi alimwambia Sekela. "Zima hilo dude."

"La mtu mmoja siwezi kulizima kutoka hapa. Ni mwenyewe alibandue, na liko ndani ya kofia." "Mwenye uwezo ni mama tu."

Hapo ndipo alipoeleza, haraka, maneno yakigongana. Baada ya kesi za watu walioibiwa hali zao za moyo, ilitungwa sheria kwamba hali ya moyo hubaki kuwa mali ya mwenye nayo. Kwa hiyo kila tulizo, popote lilipo, huuliza kila mara kama mwenye hali bado ameridhia. Akisema kwa sauti yake mwenyewe kwamba anachukua chake, mara mbili, yote huzimika papo hapo. Na sheria hiyohiyo ilimpa kila mvaaji haki ya kumpigia simu mwenye hali moja kwa moja pale inapozimika, ili ajue kumetokea nini. Tangu sheria itungwe hakuna aliyewahi kuitumia.

"Yote?" aliuliza Kemilembe.

"Yote, mama. Hayatenganishwi."

"Wako wangapi walioyavaa sasa hivi?"

Sekela alitazama. "Elfu kumi na kitu. Hii ni saa ya kazi." Akaendelea bila kuulizwa, kwa kuwa alikuwa mkweli, na ukweli ulikuwa unamtesa. "Kuna walioshika visu vya upasuaji. Kuna walio ndani ya maji. Hofu haiji kidogokidogo, mama. Yote waliyoizuia inawajia kwa mara moja. Na hata Asimwe mwenyewe, inaweza kumkaza mikono asiweze kushika kitu."

Tarakimu zilikuwa zinashuka. Uwanda wa chumvi ulikuwa umeanza kuonekana nyuma ya kofia ya Asimwe, mweupe, ukikua.

Kemilembe alimtazama mumewe. Katika miaka yote ya ndoa yao ndiye aliyekuwa akimwambia wakati umefika. Alimtazama akimwomba aseme lolote.

"Siwezi kukuambia sema," Muganyizi alisema. "Na siwezi kukuambia usiseme. Nisamehe, mke wangu. Sijui."

Alitamani awe na muda wa kuwachukia watu wale elfu kumi, lakini hakuwajua. Walikuwa wamemwamini. Mahali fulani mtu alikuwa amelala kifua wazi mezani, na aliyemsimamia alikuwa na mikono yake yeye, Kemilembe. Maisha ni yangu, mifupa ni yangu. Alikuwa akiyasema hayo kwa ujeuri mbele ya kamera, na sasa maisha ya watu wasiomjua yalikuwa yamekaa kinywani mwake, na ya binti yake pia, na hakuna hata ya mmoja yaliyokuwa yake.

"Nachukua changu," alisema.

Sauti ya mashine, ya upole, ikamjibu kutoka mezani: "Mwenye hali, tafadhali thibitisha."

Mara ya kwanza neno lilimtoka bila kufikiri, kama mtu anavyoudaka mkono wa mtoto barabarani. Mara ya pili alipata nafasi. Ilikuwa nafasi ya pumzi mbili au tatu, na ndani yake alimwona mpasuaji, alimwona mzamiaji, aliwaona wakiwa na nyuso kabisa. Hataweza kamwe kusema kwamba hakujua.

"Nachukua changu."

*

Ukelele uliokuja kwenye redio haukuwa wa mtu mzima. Kemilembe aliutambua. Ni ule wa mtoto wa miaka minne kwenye uzio wa uwanja wa ndege, akimwona mama yake akipanda ngazi.

Duara lilivunjika. Nyanzala alifungua papo hapo, mwavuli wake wa njano ukamnyanyua akatoweka kwenye picha. Lazaro alirusha mikono ovyo, akajipindua mara mbili, ndipo wa kwake ukachanua. Asimwe alikuwa bado anaanguka. Mikono yake ilikuwa imejikunja kifuani, ngumi mbili ngumu, na alikuwa akipiga kelele neno moja tu, mama, mama, mama. Muganyizi alipiga magoti kwenye chumvi. Kemilembe alikuwa akisema "kishikio, kishikio", hakujua kama anasema kwa sauti au moyoni.

Ngumi moja ikafunguka.

Mwavuli ulishika hewa chini sana, ukamyumbisha kama nguo kwenye kamba, akapiga chini kwa upande nje ya uwanja uliopangwa, karibu na tope lililobaki la ziwa. Vumbi jeupe likainuka. Kisha sauti ikaja, ya kulia kwa kwikwi, sauti nzuri kuliko zote alizowahi kuzisikia.

"Yu hai!" Muganyizi alikuwa amekwishakimbilia kwenye gari. Hata mlango hakuufunga.

Kemilembe alitaka kumfuata. Aliinuka, nyonga ikamkataa, akashika meza. Hapo ndipo ilipowaka taa ya kwanza kwenye kibao cha simu, mbele ya Sekela.

Sekela alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akakisukuma kibao kuelekea kwa Kemilembe, pamoja na kisikilizio.

Alikivaa kwenye sikio la kushoto. La kulia lilikuwa bado na redio.

"Hallo? Hallo? Wewe ndiye mwenye tulizo?" Ilikuwa sauti ya kijana, na nyuma yake upepo mkali. "Naitwa Tumsifu, niko huku Makambako. Tunapaka rangi mnara wa simu. Mwenzangu yuko juu kabisa. Tulizo limezimika na yeye alikuwa amefungua mkanda mmoja ili ahamie upande wa pili. Amekumbatia chuma, shikamoo mama, samahani sikukuamkia, amekumbatia chuma na macho kafumba. Nimeichukua simu yake kwenye mkoba, nimepiga. Nimwambie nini?"

"Mama," alilia Asimwe kwenye sikio la kulia. "Mguu wangu. Mama, njoo."

"Baba anakuja, mwanangu. Yuko njiani."

"Njoo wewe!"

"Mama, uko wapi?" aliuliza Tumsifu. "Nimwambie nini huyu?"

"Mwambie aufunge mkanda," alisema Kemilembe.

"Mikono haimtii. Nimeshamwambia. Anasema hawezi kuuachia mkono hata mmoja." Upepo ukampitia. "Wewe umezoea mambo haya, mama. Ukiwa kule juu, ukiogopa kweli, huwa unafanyaje?"

Kemilembe alitafuta. Alipitia miruko yake yote aliyoikumbuka, ndege, puto, majabali, lile chupa la karatasi. Katika yote hayo alikuta watu wakimshangilia, na mgongoni kwake alimkuta Muganyizi. Hakupata mahali popote ambapo alikuwa ameogopa, peke yake au pamoja na mwenzake, kisha akajinasua.

"Sijui," alisema. Mikono yake mwenyewe ilikuwa ikitetemeka juu ya meza, na hakuwahi kuiona ikifanya hivyo. "Sijui, baba. Sijawahi."

Kwa mbali, juu ya kijana huyo, ilisikika sauti ya mwanamume akisali kwa Kihehe, maneno yaleyale, bila kituo.

"Basi usikate simu," alisema Tumsifu.

"Sikati."

Kwenye kibao iliwaka taa ya pili, halafu ya tatu, halafu safu nzima. Sekela alikuwa analia. Kwenye sikio la kulia Asimwe aliendelea kumwita, na Kemilembe, aliyekuwa na mdomo mmoja tu, hakumwitikia.